Visu vya Binti wa Cheche

Katika mtaa ule, kwa miaka thelathini na moja, hakuna kitunguu kilichokatwa bila kisu chake kupita kwanza mikononi mwa Mzee Cheche. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na akishakaa baa huyaongezea chumvi, lakini hayako mbali na ukweli. Kuanzia bucha ya pale kona hadi kwa mkaanga samaki wa mwisho, karibu na kituo cha mafuta, kila mwenye jiko anamjua. Na kila mwenye jiko ameshawahi kumfokea mtu kwa sababu ametumia kisu kilichotoka kunolewa na Cheche kufungulia kopo.

Yeye ni mnoa visu. Chombo chake ni baiskeli ya zamani aliyoifumua na kuiunda upya kwa mikono yake: ukikanyaga pedeli haikupeleki popote, inazungusha jiwe. Juu ya jiwe kuna kopo la maji lenye tundu dogo, linadondosha tone mojamoja, na kwenye usukani kuna kengele. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Watoto wa mtaani walipoona cheche zikirukaruka gotini pake wakamwita Cheche, na jina likamganda, mpaka mkewe, Mungu amrehemu, akawa anamwita hivyo hata mbele ya wageni.

Kunoa peke yake kusingempa sifa ile. Wanoaji wapo wengi. Sifa ya Cheche ni kwamba anasoma visu. Mpe kisu asichokijua, atakigeuza kwenye mwanga, atapitisha kidole gumba kwenye makali, atautazama mpini ulipolika, kisha atakueleza habari za mtu anayekitumia. Huyu ana haraka. Huyu anaegemea sana. Huyu anakata akiwa anaongea na simu. Siku moja alimwambia mwenye mgahawa wa supu kwamba mpishi wake mpya ana bega bovu, mwenye mgahawa akacheka. Wiki haikwisha, mpishi akaomba ruhusa kwenda kuchomwa sindano ya bega.

Tena ana haki yake, ambayo haikuandikwa popote lakini mtaa mzima unaitambua. Kisu kikishanolewa, yeye ndiye anayekijaribu, kwa kukata chochote kilichopo jikoni: nyanya, mkate, nyama iliyotoka kwenye moto. Kipande hicho cha kwanza ni chake. Watu wanakiita kipande cha Cheche. Kwa vipande hivyo mzee ameujua mtaa kwa ulimi kuliko wanaokaa mezani na kuletewa sahani. Anajua nani kapunguza chumvi, nani kabadilisha mafuta, nani kagombana na mumewe asubuhi hiyo. Lakini vyote hivyo anavijulia mlango wa nyuma, akiwa amesimama. Mlango wa mbele wa mgahawa, ule wenye kibao na pazia, hakuwahi kuupita hata siku moja. Alikuwa akisema huko mbele hakuna visu.

Sasa huyu Cheche ana binti, kitindamimba wake, ndiye aliyebaki naye nyumbani mama yao alipofariki. Alipofika miaka kumi na tisa aliondoka kwenda mji mwingine, akaanza kwa kuosha masufuria ya hoteli, akapandishwa kukata mboga, akapandishwa tena, na mwisho akawa ndiye anayesimamia jiko zima, watu kumi na wanne chini yake. Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Halafu akarudi, akapanga chumba kilichokuwa duka la viatu, katikati ya duka la dawa na kinyozi. Akapaka rangi, akaweka meza nane, akauvunja ukuta wa jikoni nusu ili walaji wawaone wapishi. Ufunguzi ukapangwa Jumamosi, saa sita mchana.

Cheche aliitangaza habari hiyo kila mlango wa nyuma. Aliwatangazia hata watu waliokuja kunoa mikasi ya kushonea. Asiyejua kwamba binti wa Cheche anafungua mgahawa basi hakuwepo mjini.

Jambo moja tu halikutangazwa, kwa sababu lilikuwa linamuuma. Binti alirudi na visu vyake mwenyewe, vya kazi, vimezungushiwa kitambaa kizito cha turubai na kufungwa kamba. Cheche aliliona furushi lile siku ya kwanza, juu ya masanduku. Akasubiri kuletewa. Wiki ya kwanza akasema mtoto amechoka na safari. Wiki ya pili akasema ana shughuli na mafundi wa plasta. Mwezi wa pili akajishusha, akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka tu, kama vile visu havihitaji kuguswa. Binti akajibu kwamba viko sawa, Baba, asijisumbue, na kesho yake furushi likahamia rafu ya juu kabisa. Siku nyingine akipita na baiskeli yake uchochoro wa nyuma akasikia mle jikoni sauti asiyoweza kuikosea hata usingizini: chuma kikipanda na kushuka kwenye kijiwe kidogo cha mkono. Binti yake alikuwa anajinolea.

Ilimchoma. Alisukuma baiskeli mpaka mwisho wa uchochoro bila kupiga kengele. Miaka thelathini na moja mtaa mzima unamkabidhi makali yake, na mtoto aliyemlea kwa makali hayohayo hamwamini. Au alikuwa anamwonea aibu, alijiuliza, huko hotelini wananoa kwa mashine za umeme? Na jambo lililozidi kumtatiza ni kwamba nyumbani, binti akishika kisu cha baba yake kupika chakula cha jioni, alikuwa anakata kitunguu polepole, kwa uangalifu wa mtu anayetia sahihi hati ya nyumba. Cheche alikuwa anamtazama na kushangaa hao watu kumi na wanne walikuwa wanamheshimia nini. Hakumwambia mtu. Ila muuza nyama alipomuuliza kama visu vya binti vimeshatiwa makali, ulimi ukamtoka wenyewe: tayari, tangu juzi.

Jumamosi aliamka mapema kuliko kawaida, akavaa shati la kola. Alianza buchani. Muuza nyama anaitwa Mifupa, kwa sababu zamani alikuwa mwembamba. Sasa akisimama mlangoni wateja wanasubiri atoke ndipo waingie. Kisu chake ni kipana na kizito, kimelika katikati kwa sababu Mifupa hana subira na viungo. Cheche akakinoa, akajaribia ini lililokuwa juu ya mkaa nyuma ya duka, akatafuna kipande chake taratibu. Mifupa akasema leo saa sita anafunga bucha kwa nusu saa, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake, aje aone makali ya Cheche yakifanya kazi mikononi mwa binti. Mzee akasema hata ndevu unaweza kunyolea. Baada ya kusema hivyo ini likawa halina ladha.

Kwa mwoka mikate ilikuwa hivyohivyo. Kisu cha mwoka mikate kina meno, kila jino linataka kuguswa peke yake kwa tupa, kazi ya nusu saa. Mkate ulikuwa umetoka kwenye tanuri muda uleule, akapewa ncha yake, iliyoungua vizuri. Mwoka mikate akamwambia kwamba yeye ndiye anayepeleka mikate ya ufunguzi, na anataka kuiona ikikatwa na visu hivyo maarufu, maana mikate yake ni laini na kisu kibaya kinaiponda. Cheche akaitikia kwa kichwa. Uongo ulikuwa umemtangulia mtaani, na kila mlango aliogonga ulikuwa umeshaupokea.

Saa nne na nusu akafika baa. Mwenye baa anaitwa Mama Barafu, kwa kuwa hajawahi kuuza kinywaji cha uvuguvugu tangu afungue, na pia kwa kuwa wateja wakorofi akiwatazama tu wanapoa. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wa Cheche. Alimpa kisu cha ndimu na kile cha nyama choma, akamwekea glasi ya bia ndogo kwenye kaunta, akaendelea kufuta meza. Asubuhi baa inanuka sabuni na ndimu, viti vimepinduliwa juu ya meza, na mtu anaweza kuongea bila kupiga kelele.

Cheche, kwa kuwa moyo ulikuwa unamdunda, akaongea. Akaeleza, kama alivyokwisha kueleza mara hamsini, jinsi alivyomlea yule mtoto. Alikuwa na miaka mitano, kila kitu anashika kwa mkono wa kushoto: kijiko, chaki, ufagio. Watu wakaanza kusema. Ndipo yeye akachukua kipande cha shuka, akamfunga mkono ule miezi minne, mchana kutwa, mpaka wa kulia ukajifunza kazi. Mama yake alilia, akasema mwache mtoto alivyo. Lakini si huyo leo, mpishi mkubwa? Bila kile kitambaa angefika wapi?

Mama Barafu aliacha kufuta. Akamuuliza polepole, katika vile visu vya binti, kipi kilimpa kazi zaidi. Cheche akasema kile kirefu. Akaulizwa viko vingapi. Cheche akasema sita.

"Viko saba," Mama Barafu akasema. "Jana nilikuwa jikoni kwake, nilimkuta anakata."

 Alichukua visu vyake viwili vilivyokwisha kunolewa, akajaribia ndimu mwenyewe, akampa mzee kipande chake, akaenda ndani kubadilisha kitenge. Cheche akabaki na ndimu mdomoni na uso uliokunjamana, na si kwa sababu ya ukali wa ndimu peke yake.

Ilipokaribia saa sita, mbele ya lililokuwa duka la viatu palijaa watu. Mifupa alikuwepo, amevua aproni na kuchana nywele. Mwoka mikate alikuwepo na kapu. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, mteja naye akatoka na shuka shingoni asipitwe. Kibao kilikuwa kipya, rangi bado inang'aa. Cheche aliiegesha baiskeli ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la vitambaa, akajifanya anatia mafuta mnyororo. Alitaka kuvuka kuliko alivyotaka kitu chochote duniani. Lakini akivuka, mtu atamsifia makali yake mbele ya binti, na binti atashangaa, na mtaa utaujua uongo wake leo, siku kama hii. Bora akae na mnyororo wake.

Alimwona Mama Barafu akiingia kwa mlango wa nyuma. Hakukaa sana. Baada ya hapo mlango wa mbele ukafunguka, binti akatoka, aproni nyeupe mpaka magotini, kilemba kimekazwa, na kwapani furushi la turubai. Watu wakampisha. Akavuka barabara bila kuwatazama, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mtaa mzima unasema umeninolea visu."

Cheche alikuwa anaangalia pedeli. "Nilisema hivyo, ndiyo."

"Basi vinoe. Sitaki baba yangu aonekane mwongo siku yangu ya kwanza."

Akaliweka furushi juu ya kiti cha baiskeli, akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma. Mzee akafungua kamba. Vilikuwa saba kweli, vizuri, chuma ambacho mtaa ule haukuwahi kukiona. Akakitoa kile kirefu, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba, na kidole kikasita. Makali yalikuwa yamelalia upande usio wake. Kisu chote kilichongwa kutokea kushoto. Akadhani kiwanda kimekosea. Akatoa cha pili, hivyohivyo. Akatoa kile kidogo cha kumenyea, ambacho mpini wake ulikuwa wa mti na umeshalika, na pale kidole gumba kilipochimba kishimo chake kwa miaka, mkono wa kulia usingefika hata ungejikunja vipi.

Akavitoa vyote saba, kimoja baada ya kingine. Havikuwa na siri hata kimoja. Na kwa kuwa alikuwa mzoefu wa kazi, maneno yalimtoka kama yanavyomtoka kwa mteja yeyote, kwa sauti ya chini.

"Mwenye visu hivi ni mashoto."

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Gari likapita. Cheche akasubiri lipite, ingawa halikuwa na kelele nyingi. Binti akamweleza, taratibu, akiangalia jiwe badala ya uso wake. Wiki ya kwanza ya kukata mboga, mpishi mkubwa wa hoteli alimtazama akihangaika, akamuuliza kama mkono ule mwingine unaumwa. Akasema hauumwi. Akaambiwa basi utumie. Akahamisha kisu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwacha nyuma. Nyumbani ndiko alikoshindwa kuutumia. Alijua baba yake akivishika tu vile visu, atamsoma.

"Na ungenisoma, ungejua kile kitambaa hakikufanya kazi," akasema. "Nawe ulikuwa unakisifia sana, Baba. Kila nikija likizo nakukuta unakisifia. Nikaona nikuachie."

Cheche aliona aibu. Haikuwa aibu ya uongo wa buchani. Hiyo ilishakuwa ndogo. Alikiona kile kipande cha shuka, cha bluu, na fundo aliloling'ang'ania mwenyewe kila asubuhi, na mtoto wa miaka mitano akimwaga wali kifuani huku akimtazama baba yake kuona kama amekasirika. Alifikiri alikuwa anamfundisha. Na mtoto huyo, mtu mzima sasa, miezi mitatu alikuwa anakata vitunguu kwa mkono usio wake, katika nyumba ya baba yake, ili mzee abaki na jambo la kujivunia.

"Nilikukosea, mama," akasema. Neno hilo hakuwahi kumwambia mwanawe yeyote, wala marehemu, ingawa marehemu alistahili kulisikia.

 Binti alichukua kile kirefu kwa mkono wa kushoto, mbele yake, mara ya kwanza, akampa.

Cheche akalihamishia furushi usukanini, akauzunguka mtambo, akakaa upande wa pili. Jiwe lake lilikuwa limeliwa na miaka upande mmoja. Upande ule mwingine ulikuwa mzima, karibu mpya, haujawahi kugusa chuma. Akasogeza kopo la maji. Akaanza kukanyaga kwa mguu usiozoea, na mara mbili za kwanza jiwe likasuasua. Watu walikuwa wameshavuka barabara kuja kuona kuna nini.

"Mzee, si ulisema umeshavinoa?" Mifupa akauliza.

"Nilidanganya," Cheche akasema. "Ndiyo kwanza navishika leo. Nipishe mwanga."

Mifupa akampisha mwanga, na hiyo si kazi ndogo kwa mwili ule. Mzee akanoa. Hakuharakishwa na saa sita iliyopita wala na kapu la mikate. Visu saba, kimoja kimoja, cheche zikiruka kwenye goti la kushoto ambalo halikuwa na hata doa moja la moto, na suruali yake nzuri ikapata matundu mapya. Jasho lilimtiririka. Alipomaliza cha saba akavipangusa, akavirudisha kwenye turubai, akavibeba mwenyewe. Akavuka barabara. Binti alikuwa anaelekea uchochoroni, akidhani baba atapita nyuma kama siku zote. Cheche akaingia kwa mlango wa mbele, kwenye pazia, na watu wote wakamfuata.

Palikuwa safi mle ndani, panang'aa, pananukia kitunguu saumu na siagi. Juu ya ubao wa kukatia palikuwa na nyanya kubwa, iliyoiva vizuri. Kwa haki yake ya miaka yote, Cheche ndiye alipaswa kuijaribia. Binti akamsogezea.

"Kata wewe," mzee akasema. "Hivi si vya mkono wangu."

Binti akahamisha kisu kushoto. Kilichofuata Mifupa alikisimulia mwezi mzima, na kila akikisimulia alionyesha kwa mikono na kushindwa. Kisu hakikuonekana kikipanda wala kushuka. Nyanya ilikuwa nzima, kisha ikawa imelala upande mmoja, vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, na ubao haukulowa. Akavuta kitunguu, akakimaliza kabla mtu hajatoa chozi. Akakata mkate wa mwoka mikate bila kuuponda, na mwoka mikate akavua kofia. 

Cheche alijaa fahari mpaka kifua kikamuuma. Akageuka, akawatazama wote, mwenye bucha, mwenye baa, kinyozi na mteja wake wa nusu kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwanangu ni mashoto. Nionyesheni mwingine mtaani humu anayekata hivi."

Hakuna aliyemwonyesha. Mama Barafu alivuta kiti cha meza ya kwanza, ile ya dirishani, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, na Cheche akakaa. Binti akaja kutoka jikoni na kipande cha kwanza cha nyanya juu ya ncha ya mkate, hakuwa ameweka hata kwenye sahani. Akampelekea kwa mkono wa kushoto, palepale mbele ya watu, jambo ambalo utotoni lingemletea kitambaa.

Mzee alinyoosha mkono wake wa kushoto, akakipokea, akala.